Karatasi ya Akiba

Mwezi uliopita nilimkabidhi binti Upendo muhuri wa kijiji, pedi ya wino iliyokauka upande mmoja, madaftari makubwa kumi na moja, na kabati ambalo mlango wake haufunguki mpaka uupige teke chini kushoto. Upendo ndiye mtendaji mpya wa kijiji chetu, mwenyeji wa Iringa, ana stashahada. Alisaini hati ya makabidhiano, kisha akaniambia, "Mzee, haya ya kabati nimeyaelewa. Sasa niandikie na yale ambayo hayamo kabatini." Nikacheka, nikidhani ni utani wa vijana. Kesho yake akaniuliza tena, na safari hii akanipa na kalamu.

Basi naandika. Mimi ni mtu wa darasa la saba na ukurasa huu nimeshaufuta mara nne. Naandika kidogo, nainuka, nakwenda kumwangalia mbuzi ambaye hana tatizo lolote, narudi, nasoma, naona kuna mtu nimemwonea, nafuta. Mtanisamehe, watendaji wenzangu mliochukua nafasi zetu. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vya kwangu havijazi hata mstari. Nitaeleza kazi, na ndani ya kazi nitaeleza habari za Perusi, mwanamke mwanasiasa wa kwetu, kwa sababu alikaa mahabusu kwa ajili ya karatasi iliyopita mikononi mwangu, na wapo watu walioamini kwamba aliuza ardhi yao. Nimelisema mapema ili msifike katikati mkadhani nimewavizia.

Kijiji chetu kipo kwenye vilima, kati ya Kasulu na Kibondo. Sitakitaja. Siku yangu ya kwanza kazini ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye mchwa, na ndani yake alikuwamo Mzee Yaredi, mtendaji niliyekuja kumrithi. Alikuwa na muhuri ndani ya kopo la majani ya chai, na kopo ndani ya mfuko wa koti. Nilipomwamkia hakuitikia kwanza, alinusa kopo.

"Muhuri haulali ofisini," akasema. "Ukilala ofisini, asubuhi utakuta umeshafanya kazi bila wewe."

Yaredi alinifundisha mengi, na mengi yalikuwa ya kweli. Alinifundisha kuandika muhtasari wa mkutano kwa Kiswahili wakati watu wanagombana kwa Kiha. Alinifundisha kwamba mtu akija na shauri la mpaka, umwache aongee mpaka achoke, kisha umuulize jirani yake anaitwa nani, kwa sababu hapo ndipo habari huanza. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi walioingia kwenye maharage ya mjane. Mwenye mbuzi alikubali kosa lakini akataka tuhesabu shina kwa shina. Yaredi akanipeleka shambani tukahesabu, jua la saa sita, mpaka mwenye mbuzi mwenyewe akasema basi, imetosha, atatoa mbuzi. Tukiwa njiani kurudi Yaredi akaniambia, "Haki nyingine hupatikana kwa jua tu."

Na alinifundisha karatasi ya akiba.

Ilikuwa hivi. Mkutano mkuu wa kijiji kwetu huitwa saa tatu, watu hufika saa tano, na saa sita wameanza kuondoka mmoja mmoja. Huyu ana mihogo imelowekwa, yule anawahi gari la Kibondo. Ukisubiri mwisho ndipo uchukue saini za mahudhurio, utasaini wewe na mwenyekiti wako. Kwa hiyo Yaredi alikusanya saini mwanzoni, na kila alipokusanya, alipitisha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na kichwa cha habari. Ya pili ilikuwa na mistari na namba tu, juu nyeupe. Hiyo ndiyo ya akiba. Mvua ikinyesha, karatasi ikilowa, panya akila, unayo nyingine. Mimi nilimwona ni mtu mwenye akili sana. Sisemi haya ili kumtupia mzigo, marehemu hajibu. Yeye, kwa ninavyojua, aliitumia kwa panya tu.

Watu hawakuuliza kwa nini wanasaini mara mbili. Kitongoji chetu cha chini wengi ni familia zilizotoka Burundi, siku hizi ni raia, wanalima na kuuza kama sisi. Hao ndio walikuwa wepesi kuliko wote. Mama Domitila, ambaye ndiye kama msemaji wao, aliwahi kuniambia, "Mtendaji, kambini tulisaini unga, tukasaini sabuni, tukasaini maharage. Asiyesaini halambi. Wewe leta karatasi yako, dole langu linajua njia lenyewe."

Perusi nilimfahamu kabla hajawa mheshimiwa. Alikuwa anapandisha mafuta ya mawese kutoka kandokando ya ziwa, anayauza kwenye magulio ya huku juu, Makere, Kasulu, mpaka Kibondo. Alikuja ofisini kuomba barua ya utambulisho, dumu ameliacha mlangoni, ngata bado iko kichwani. Nikatoa muhuri kwenye kopo, nikapiga. Akainusa barua.

"Mtendaji, barua yangu inanuka chai."

"Utaratibu wa ofisi," nikasema.

"Basi nitaiuza na mkate."

Watu walimwita Mama Mawese. Wengine kwa kumdharau, na yeye akalichukua jina lile lile akalifanya la kampeni. Aliingia kwanza kama diwani wa viti maalumu. Wanaume wakasema huyo amepewa kiti, hajakipigania. Uchaguzi uliofuata akakipigania, akachukua kata nzima, na baadaye madiwani wenzake wakamfanya mwenyekiti wa halmashauri. Hata huko juu alifunga kilemba chake kwa kukizungusha kama ngata, kana kwamba wakati wowote ataitwa kubeba kitu.

Nataka kuwa mwenye haki kwake, kwa hiyo nitasema yote mawili. Alikuwa mchapakazi na alikuwa mkali. Kisima cha shule alikisimamia mpaka maji yakatoka, lakini aliyekianza ni diwani aliyemtangulia, na siku ya kukizindua jina la yule hakulitaja. Mkulima masikini alimsikiliza akiwa amesimama naye kwenye matope, lakini sisi watendaji alitugombeza mbele za watu kama watoto. Mawese yaliyochanganywa na maji aliyajua kwa kuchovya kidole kimoja tu. Hilo la kidole mlikumbuke, limenisumbua miaka mingi.

Jambo lake kubwa lilikuwa wanawake. Kila alipokuja mkutanoni aliangalia kwanza waliokaa nyuma, kwenye majani, na watoto mgongoni. "Mtendaji, hawa mbona hawasemi?" Nikamwambia hata kuja kwao ni bahati, Mheshimiwa, kuna maji, kuna shamba. Akaniangalia. "Na wanaume je, wao hawana shamba? Au wamezaliwa na mkutano tumboni?"

Sasa naifikia ile sehemu. Nimeinuka mara mbili kabla ya kuianza.

Alikuja mwekezaji aliyetaka ardhi ya kulima mihogo na kujenga kiwanda cha unga. Perusi aliamini kiwanda kile, na mimi pia niliamini, hilo siwezi kulikana. Ardhi iliyotajwa ilikuwa upande wa kitongoji cha chini. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Niliitisha mkutano mara ya kwanza, ikanyesha mvua ya mawe. Nikaitisha mara ya pili, ikaangukia siku ya gulio, akidi haikutimia, tukaahirisha. Baraza la Madiwani lilikuwa limebakiza siku tatu likae. Perusi akapiga simu.

"Mtendaji, mkutano umefanyika?"

Nikasema, "Tunakamilisha, Mheshimiwa."

"Sijauliza mnafanya nini. Nimeuliza umefanyika?"

Nikasema ndiyo.

Hakuniambia nidanganye. Aliuliza swali la kueleweka kabisa, na mimi niliogopa sauti yake. Baada ya hapo nilifungua kabati, teke chini kushoto, nikatafuta. Wiki chache kabla tulikuwa tumegawa vyandarua. Watu walisaini karatasi ya vyandarua, na nyuma yake, kama nilivyofundishwa, ile ya akiba. Ilikuwa safi, mistari imejaa, madole gumba ya wino wa zambarau. Nikaandika juu: Mahudhurio ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Nikaandika na muhtasari, kwa hati nzuri kuliko mihtasari yangu yote, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunikatiza. Nikapiga muhuri.

Nilipokuwa naibana pini ndipo nilipoona. Vyandarua hugawiwa akina mama. Domitila, Skolastika, Yudita, Restituta, mwanzo hadi mwisho. Wanaume walikuwa watatu, waliokuja kwa niaba ya wake zao wagonjwa. Nilisimama pale na pini mkononi. Nikajiambia hakuna atakayesoma majina, watahesabu tu.

Alisoma. Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma ukumbini siku ile. Perusi aliinuka, akainua karatasi yangu juu kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa madiwani," akasema, "kila mwaka mnaniambia wanawake wetu hawaji mikutanoni. Nasoma. Domitila. Skolastika. Yudita. Nigeuze ukurasa? Restituta. Wamekuja kuamua habari ya ardhi, wao wenyewe, na dole gumba. Nikifa leo, hii mnizike nayo."

Madiwani wakapiga meza. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kimoja kilikuwa na kamba ya rangi tofauti, nikashughulika na kamba.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mawe ya mipaka yakapandwa katikati ya mihogo ya watu. Familia za kitongoji cha chini ziliogopa kulalamika, zilihofia kuambiwa rudini kwenu, ingawa kwao ni hapa. Misimu miwili mashamba yale yalilala. Mwekezaji mwenyewe hakuonekana tena. Ndipo malalamiko yakatoka, yakafika mkoani, na Perusi akashitakiwa kwamba aliuza ardhi ya wananchi na kwamba aliwakusanya wanawake wasiojua kusoma akawasainisha. Karatasi aliyoisifia ndiyo iliyogeuka kosa lake. Waliokuwa na chuki naye wakasema, si mlimwona akiinua juu? Alijua anachoinua.

Wapelelezi walikuja kwangu. Wakaniuliza, saini hizi ni za kweli? Nikasema ni za kweli. Wakamuuliza Domitila, hili dole ni lako? Akasema ego, ndiyo, ni langu. Hakuna aliyemuuliza aliliweka siku gani, na mimi niliyejua nilikaa kimya, nimeshika kopo la chai. Kila neno nililowaambia lilikuwa kweli. Hilo ndilo linalonitoa kwenye kiti mpaka leo.

Perusi alikaa mahabusu tangu kupanda maharage mpaka kuvuna, halafu mara nyingine tena mpaka kuvuna. Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Uenyekiti ulikwisha, udiwani ulikwisha, akarudi sokoni Kibondo na madumu. Nilikuwa nikipita soko lile nazungukia upande wa samaki wakavu ili tusikutane. Wake zetu hawafichiki jambo, mke wangu aliniuliza kwa nini siku hizi hatuli mawese, nikamwambia daktari amekataza. Daktari hakuniambia lolote.

Nilijifariji kwa jambo moja tu. Nilijiambia alijua. Mtu anayetambua maji ndani ya mafuta kwa kidole, angekosaje kutambua orodha ya vyandarua? Nikasema alijua, akanyamaza kwa sababu ilimfaa, kwa hiyo tulikuwa wawili. Sikuwa na uhakika, lakini mawazo hayo niliyatunza vizuri kuliko muhuri.

Ndipo akaja Upendo. Wiki yake ya kwanza, kabla hatujasaini makabidhiano, alikuwa anapanga mafaili, mimi nimekuja kumwonyesha ramani. Akaitoa karatasi ile, akaisoma yote, kitu ambacho hakuna mpelelezi aliyekifanya.

"Mzee, hii imekaaje? Huu mkutano wanaume walikuwa wapi?"

Nikasema walikuwa shambani.

Akageuza tena. "Wote? Siku ya kujadili ardhi?"

Nikaanza kuikunja ramani. Naye hakuniuliza tena, akairudisha ndani ya faili taratibu, kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake. Nafikiri hapo ndipo alipoamua kunipa kalamu.

Habari ikaja kwamba Perusi anataka kugombea tena. Kijiji kikasema sawa, lakini aje kwanza aieleze ardhi. Akakubali. Mkutano ukaitwa wiki iliyopita, uwanja wa shule. Watu walikuja wengi. Upendo alikaa mezani, akachukua karatasi moja, akaandika kichwa cha habari, akaandika na ajenda, ndipo akaipitisha. Nilipofikiwa nikatafuta ya pili kwa mazoea ya mikono. Haikuwapo.

Perusi alifika kwa pikipiki ya kukodi. Amekonda. Kilemba bado ni ngata. Domitila akamwendea, wakasalimiana kwa muda mrefu, wameshikana mikono hadi viwiko, mwakeye, mwakeye, kisha Domitila akamwambia mbele ya wote, "Tumekusalimia kwa sababu umefika nyumbani. Sasa tuambie mashamba yetu uliyafanya nini."

Perusi akasimama. Akasema yeye alipokea kwa mtendaji muhtasari wenye muhuri na saini, akaupeleka barazani, basi. Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama Mawese, mafuta hayo yana maji." Watu wakacheka. Perusi hakucheka. Wala hakuniangalia. Angeniangalia pengine ningekaa.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Mtendaji mstaafu, kwa kifupi." Nikasema kwa kifupi. Nikasema mkutano ule haukufanyika. Nikasema karatasi ilikuwa ya vyandarua, kichwa nilikiandika mimi, muhuri niliupiga mimi, na wapelelezi walipokuja nilinyamaza mimi.

Uwanja ukavuma. Mtu mmoja akasema nikamatwe. Mwingine akasema mzee wa watu, mwacheni. Wote wawili naona walikuwa na hoja. Perusi akawa amegeuka, sasa ananiangalia. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeyafanyia hata mazoezi.

Akasema polepole, "Kwa hiyo wale akina mama hawakuja."

"Hawakuja, Mheshimiwa."

"Domitila. Skolastika. Yudita."

"Walifuata vyandarua."

Akakaa chini. Mtu aliyekaa mahabusu akatoka kichwa juu, nilimwona kichwa kikishuka pale, kwa ajili ya hilo tu. Ndipo nikajua hakuwa anajua. Kidole chake kilijua mafuta, lakini karatasi ile aliitamani mno, hakutaka kuichovya. Kwa hiyo hatukuwa wawili. Nilikuwa peke yangu muda wote.

Domitila ndiye aliyeinuka. Akazungusha mkono kwa akina mama, ambao safari hii hawakukaa nyuma kwenye majani, walikaa mbele kwa sababu mashamba ni yao. "Leo tumekuja," akasema, "na chandarua hatujaona." Watu wakacheka tena, ila si kwa namna ile ya kwanza. Perusi naye akainua uso. Mkutano ukaendelea, wakaamua mawe ya mipaka yang'olewe na halmashauri iandikiwe barua. Kuhusu mimi wakaamua maelezo yangu yapelekwe yanakotakiwa kupelekwa. Ni halali, nayasubiri.

Mwishoni Upendo alisoma muhtasari kwa sauti, jambo ambalo mimi nililifanya mara chache sana. Alipofika kwangu akasoma: "Mtendaji mstaafu alieleza kwamba wakati wa uchunguzi hakukumbuka chanzo cha karatasi." Nadhani alitaka kunisitiri. Ni binti mwema, na mtendaji mwema hupatwa na kishawishi hicho hicho, kuandika kinachopunguza maumivu.

Nikanyoosha mkono tena. Nikasema, afute "hakukumbuka", aandike "alijua".

Perusi alikuwa ameshasimama, anafunga vizuri kilemba chake ili aondoke. Hakuwa amenisamehe, na sikumwomba mbele ya watu, ingekuwa kumlazimisha. Akasubiri tu mpaka kalamu ya Upendo ikamaliza kukata neno lile na kuandika jingine juu yake. Kisha akamwambia Upendo, "Mpe asaini na hapo pembeni, palipokatwa."

Nikasaini.